Mifuko

Aminieli hajui kuchora mikono.
Niligundua siku ya tatu,
michoro yake ikiwa imebanwa kwa vibanio vya nguo
kwenye kamba inayopita juu ya cherehani yangu,
hapa Majengo, ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Watu ishirini na saba wa penseli na rangi ya maji,
shingo zimenyooka kama mabua,
viuno vya nyigu,
na hakuna hata mmoja mwenye kiganja.
Huyu kaificha nyuma. Yule kaizamisha kwenye gunia.
Waliobaki, wote, mifukoni.

Ni igizo la kuimba mwanzo hadi mwisho,
la mwaka ule kahawa iliposhuka.
Amelichora nyuma ya stakabadhi za babu yake,
kwa hiyo ukiinua karatasi kwenye mwanga
Binti Mvua ana kilo sitini na mbili kifuani,
daraja la pili,
na saini ya karani aliyekwisha kufa.

Pembeni, kwa mwandiko wa kuku:
“Bei: gauni la satini, mkia mita nne,
upandishwe kwa kamba, sehemu ya pili uanguke.”
Nikamwuliza, je, ukimwangukia mpiga kinanda?
Akasema, ndivyo ilivyokuwa, mama. Iliwaangukia.

Kwa Mnunuzi: “koti, rangi ya Kibo
saa kumi na mbili kasoro robo, asubuhi.”
Wiki nzima nimetoka nje na vipande vya kitambaa mkononi.
Mlima haukutokea.
Nikamshonea wingu.

Sasa, mchoro ni mchoro, na mtu ni mtu.
Anayeimba Mvua ni Kaanaeli wa ndizi za jumla;
futi ikimzunguka inaomba kupumzika njiani.
Kwenye karatasi ni ufito.
Nilikwenda Memorial, nikanunua mapazia mawili ya mtumba,
ya kijivu, yenye harufu ya nyumba ya watu wasiotujua,
nikayakata mshazari.
Alipogeuka mbele ya kioo alikaa kimya,
kisha akasema: Kumbe mimi huwa nanyesha.

Mifuko niliishona yote. Arobaini na minane.
Hata Ukame nilimtia mifuko,
ingawa Ukame hana cha kuweka.
Mazoezini mwalimu wa kwaya akalalamika:
wanaimba kama watu wanaosubiri mshahara.
Aminieli akaangalia sakafu.
Sikumsema. Kila fundi ana mahali anapofichia asichokiweza.
Mimi ni kola za Kichina.
Mteja akizitaja, husema zimepitwa na wakati.

Usiku wenyewe, kwenye ghala la zamani nyuma ya stesheni,
wimbo wa mwisho, ule wa mizani,
Tumsifu, mtoto wa miaka tisa, bila kuambiwa na mtu,
akatoa mikono mifukoni
akaiinua kama anayepima kitu kizito kisichoonekana.
Kisha Bwana Lyatuu. Kisha safu nzima ya nyuma.
Yenye sugu, yenye pete, yenye chaki ya shule,
mmoja una plasta.
Haikuwamo kwenye mchoro wowote.
Nilikuwa nyuma ya pazia na pini midomoni,
nikataka kupiga vigelegele, nikakumbuka pini.

Jumatatu nguo zikarudi kufuliwa.
Nikaingiza vidole mfuko kwa mfuko:
maganda ya karanga, tiketi ya choo cha stendi,
kishikizo changu mwenyewe nilichokitafuta tangu Jumatano,
na kwenye koti la wingu punje moja ya kahawa, mbichi.

Kwenye kamba, kibanio cha mwisho,
kulikuwa na stakabadhi ambayo sikuwa nimeiona.
Mkono. Umeshika sindano.
Una kovu la pasi, basi nadhani ni wangu.
Kidole gumba amekiweka upande usio wake.

Akija nitamwambia.
Kwanza achore na ule wa pili.